Gari Bado Linachemsha

Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, hushikilia kwamba vijana wapenda magari wameihama lugha yetu. Akiwasikia wakitaja boksa na tabo na gia sita, hutikisa kichwa na kusema kuwa kilichobaki hapo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kwa miaka mingi nilikuwa upande wake. Sasa nimeuacha upande huo, na ni haki wasomaji wa ukurasa huu waelezwe sababu, hasa kwa kuwa baadhi yenu mlipita mikononi mwangu na mna alama za kalamu yangu nyekundu katika madaftari yenu.

Tunduma ni mji wa kungoja. Tangu mwaka 2019 Tanzania na Zambia zina kituo cha pamoja cha forodha hapa mpakani, na mambo yamekuwa mepesi kuliko zamani. Hata hivyo malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, bado hupanga foleni yakisubiri karatasi. Kati ya malori hayo hupenya magari madogo yaliyokwisha kutumika Japani, yanayokwenda kwa wenyewe Zambia au Kongo. Tunayaita magari ya IT. Madereva wake huyafikisha, huyakabidhi, hurudi kwa basi, kisha huleta mengine. Mtu anayesubiri karatasi ana mambo mawili ya kufanya, kula na kuzungumza, na wenzetu hawa huyafanya yote mawili kwa mama ntilie, kwenye mabenchi ambayo nami hukaa nikinywa chai ya saa nne.

Mwezi uliopita gari lililowashughulisha liliegeshwa hatua chache kutoka benchi letu: Toyota GR86 jeupe, la milango miwili, limelala chini kama paka anayevizia panya. Toyota na Subaru walilitengeneza kwa ushirikiano, na umbo hili jipya lilionekana mara ya kwanza mwaka 2021. Injini yake ni ya lita 2.4. Viti vya nyuma vipo, ila mimi ningeweka kofia tu. Vijana wanne walikuwa wakilijadili, na wakati huohuo wakijadili ni wapi pa kula vizuri katika barabara kuu. Mada hizo mbili hazikupokezana zamu. Zilipakuliwa katika sahani moja. Nilitoa kalamu nikaandika nyuma ya stakabadhi ya luku, na haya ni baadhi ya niliyoyanasa:

“Hili ukikanyaga mafuta, linakula kiasi gani?”

“Linakula, lakini si kama V8. Tazama tairi za nyuma, zimeshaanza kula upande.”

“Yule wa Subaru si alikula mzinga pale Kitonga?”

“Alikuwa anawahi supu ya Ilula. Nilimwambia supu haikimbii.”

“Mimi bila kujaza tangi pale Chimala siendi popote. Wali, maharage, samaki pembeni, ndipo naingia barabarani.”

Tangi alilolitaja huyu wa mwisho lilikuwa tumbo lake.

Niliporudi nyumbani niliisoma stakabadhi ile mara tatu. Kitenzi kimoja, kula, kilikuwa kimebeba mazungumzo yote. Gari hula mafuta. Injini iliyochoka hula oili. Tairi ambalo magurudumu yake hayakunyooshwa hula upande. Dereva mwenye pupa hula mzinga, na aliyewaona askari mapema hula kona. Hapo hatujagusa wale wanaokula kiapo, wanaokula njama na waliokula chumvi nyingi, ambao sote tumewafundisha darasani kwa jina la heshima, misemo. Kijana wa IT hakuisoma misemo hiyo ili afaulu mtihani. Ameirefusha. Alichokiazima kwa Mwingereza ni nomino. Mifupa ya sentensi, yaani vitenzi, viambishi, upatanisho wa kisarufi, ni ya nyumbani, na hakuna hata mmoja pale aliyekosea kusema zimeanza baada ya kusema tairi.

Kuhusu nomino nako sioni msiba. Neno gari lenyewe lilitujia kutoka Kihindi. Usukani tuliupata baharini. Ni wa jahazi kabla haujawa wa lori, na nahodha wa kale angecheka kuona tumeutia ndani ya kibati chenye magurudumu manne. Breki, gia, rejeta na shokomzoba tulizipokea kwa Waingereza na kuzivisha irabu mpaka zikatulia. Washairi wenzangu mnaoogopa msamiati wa gereji, hesabuni: “shokomzoba za gari” tayari ni kipande kizima cha mizani minane.

Na mkopo huu haukwenda upande mmoja. Chakula nacho kimechota ujenzini: chipsi zilizoshikana na mayai kikaangoni huitwa zege, na aliyewahi kuona kokoto zikichanganywa na saruji hahitaji maelezo. Nyama ya nguruwe inaitwa kiti moto, jina ambalo mimi, kwa umri wangu, bado huliagiza kwa sauti ya chini.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Katika miaka ya tisini nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari kusini mwa nchi hii. Niliwapa Kidato cha Pili insha ya masimulizi, “Safari Nisiyoisahau”. Mvulana mmoja, mtoto wa dereva wa lori, aliandika kuwa walipokuwa wakipanda mlima gari lilichemsha, baba yake akalisimamisha, na utingo akashuka kwenda kufungua rejeta. Nilipiga mstari mwekundu chini ya “gari lilichemsha”. Pembeni nikaandika: Gari halichemshi, maji ndiyo huchemka. Nikampa alama tisa kati ya ishirini. Daftari likarudi, na kengele ikalia.

Tuliofundishwa sarufi tulijua kuwa chemka ni kitenzi kisichohitaji yambwa na chemsha ni umbo lake la kusababisha. Kwa hiyo nilijiona nimelinda lugha. Lakini ifikirini sentensi ile upya. Nani aliyeyachemsha maji yale? Ni gari. Mtoto alitumia kauli ya kusababisha mahali pake hasa, akaidondosha yambwa kwa kuwa kila mtu aliyekuwa pale alikuwa akiiona ikifoka mvuke. Ni udondoshaji uleule tunaousifu tukiukuta ndani ya ubeti. Tena neno hilo limekwisha kusafiri mbali na rejeta: leo mtu aliyeshindwa usaili au aliyeharibu hotuba huambiwa amechemsha, na nadhani lilianzia kwenye boneti iliyofunguliwa kando ya barabara.

Namkumbuka mvulana yule kwa sababu alikuwa mtu wa tano mezani siku ile. Hakuwa kijana tena. Alikuwa amekaa pembeni akila ugali na mboga ya majani huku akiwaacha wadogo zake waseme, na nilipoinuka alifuta mikono akasimama.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

Hakutaja jina. Alisema tu, kwa tabasamu, “Mwalimu, gari bado linachemsha.”

Tulikaa tena. GR86 ile ndiyo aliyokuwa akiileta yeye. Nilimwomba msamaha kwa alama zile, naye akacheka akasema angeridhika na kumi na mbili. Kisha, bila kunilaumu, akanieleza jambo ambalo lilikuwamo katika insha na ambalo mimi sikuliona. Utingo alipofungua mfuniko wa rejeta, maji yalimrukia usoni na kifuani. Mvulana alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu namna walivyomlaza juu ya turubai na kutafuta lori la kuwarudisha hospitali. Nilisahihisha kitenzi na sikumwona aliyeungua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwenzangu, na si kwa ajili ya ulegevu wa uzee. Tunapokaa katika mabaraza yetu tukiuliza coupe iitwe nani kwa Kiswahili, tunauliza swali tamu lakini dogo. Nililiuliza hata mimi siku ile. Nilimweleza mwanafunzi wangu kuwa neno hilo ni la Kifaransa, na maana yake ni “iliyokatwa”, kwa kuwa lilianza kwa gari la farasi lililofupishwa. Wafaransa hawakuumiza kichwa. Waliona kitu kimekatwa, wakasema kimekatwa. Tukilitohoa kwa matamshi yao, tunapata kupe.

“Kupe!” alisema kijana mmoja. “Mwalimu, nani atatoa mamilioni anunue kupe?”

“Kwa jinsi linavyonyonya mafuta,” mwingine akajibu, “jina ni lake.”

Wao husema “ya milango miwili”, basi. Kwangu inatosha, ingawa nakiri kwamba “gari la mkato” linanivuta. Nilipouliza boksa ni nini, sikupewa Kiingereza hata kidogo. Mwanafunzi wangu alikunja ngumi mbili akazielekeza moja kwa nyingine. “Pistoni zimelala ubavu, Mwalimu, zinarushiana ngumi. Injini imelala, ndiyo maana na gari limelala.” Sijawahi kusoma ufafanuzi mfupi kuliko huo katika kitabu chochote cha ufundi.

Swali kubwa liko kwingine. Magari haya yanafika mikononi mwa Waswahili yakisema Kijapani. Vitabu vyake vya maelezo, kama vimebaki ndani, ni vya Kijapani. Maonyo kwenye kioo cha dashibodi ni ya Kijapani. Mwanafunzi wangu alinisimulia kwamba katika mwaka wake wa kwanza aliteremka Mlima Nyoka, karibu na Uyole, huku maandishi asiyoyaelewa yakimulika mbele yake. Alidhani ni tangazo la redio. Kanyagio la breki lilikuwa likizama, breki hazishiki, na kilichomwokoa ni sauti ya dereva mzee aliyewahi kumwambia ashushe gia wala asiteremke mlima kwa nyutro. Maneno hayo hayakuandikwa popote. Yalisemwa mezani, kati ya tonge na tonge.

Basi tukiamua leo kuandika kijitabu cha maonyo kwa madereva, tutakiandika kwa lugha ipi? Naijua lugha ambayo mimi na mwenzangu tungeichagua: “Endapo halijoto ya kipozeshi itazidi kiwango, mtumiaji asiondoe kizibo.” Ni sanifu, na upatanisho wake hauna doa. Utingo aliyeshuka kwenye lori mlimani asingejua kuwa anaambiwa yeye. “Gari likichemsha, usifungue rejeta mpaka ipoe” ni maneno machache, na angeyaelewa mkono wake ukiwa bado hewani. Kitenzi nilichokikata kwa wino mwekundu ndicho hasa kinachohitajika hapo, na hakina mbadala.

Sisemi kila neno la benchini liingie kwenye kamusi. Mengine ni ya msimu na yatajifia yenyewe, na yapo matusi ambayo sikuyaandika kwenye stakabadhi. Mwanafunzi wa leo lazima ajue kuandika barua ambayo ofisa wa Mwanza na wa Unguja wataisoma bila mkalimani. Ninalokataa ni ule utaratibu wetu wa kuunda istilahi chumbani kisha kumpelekea fundi azitumie, ilhali fundi ana zake, zimejaribiwa milimani, na hatujawahi kumwuliza. Wakusanyaji wa misamiati wafike gereji za Mlowo na Mbalizi na maegesho ya hapa Tunduma wakiwa na madaftari matupu. Mimi nimeshaanza langu. Ukurasa wa kwanza una kula, wa pili una kuchemsha, wa tatu nimeuachia kulala, kwa kuwa betri hulala, injini hulala, na gari zima hulala njiani.

Karatasi zake zilitoka saa tisa alasiri. Alinionyesha viti, akawasha injini, na mara sauti ya mwanamke ikasema jambo kwa Kijapani, kwa adabu kubwa. Nilimwuliza anasemaje.

“Anadai kadi ya kulipia barabara za kwao, Mwalimu. Kila ukiwasha anadai.”

“Nawe humjibu nini?”

“Namwitikia marahaba.”

Akaniambia kuwa upande wa Nakonde kuna mama anayepika nshima na kapenta vizuri kuliko mpishi yeyote wa barabara hii, na kwamba akiwahi kabla sahani hazijaisha atalala Mpika. Akafunga mkanda, akaingiza gia, na gari jeupe likapita polepole kati ya malori mawili ya mbolea.