Mafuta ya kahawia: Joto la Mombasa halimtoshi mtoto mchanga

Tangu mwaka wa 2009, makundi matatu ya watafiti yalipochapisha ushahidi kwamba hata watu wazima wana mafuta ya kahawia yanayofanya kazi mwilini, mafuta hayo yamekuwa yakitajwa kama tumaini jipya dhidi ya kisukari. Kwa wakazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako hari ya kaskazi humtoa mtu jasho hata usiku wa manane, tumaini hilo lahitaji kupimwa upya. Huku Pwani, anayeyahitaji zaidi mafuta hayo si mzee mwenye kisukari, bali mtoto aliyezaliwa leo asubuhi.

Mafuta meupe, yale ya kitambi, huweka akiba. Ya kahawia huiteketeza. Seli zake zimejaa mitokondria, vinu vidogo vya nguvu ambavyo madini yake ya chuma ndiyo huyapa mafuta hayo rangi. Ngozi ikiguswa na baridi, ubongo hutuma amri kupitia neva, na protini iitwayo UCP1 huvifanya vinu hivyo vitoe joto bila misuli kutetemeka. Kuni za moto huo ni mafuta, pamoja na sukari inayovutwa kutoka kwenye damu.

Hapo ndipo watafiti wa kisukari walipotega masikio. Uchunguzi wa 2021 kuhusu zaidi ya wagonjwa 52,000 wa hospitali moja ya saratani jijini New York ulionyesha kuwa asilimia 4.6 ya walioonekana kuwa na mafuta hayo walikuwa na kisukari cha aina ya pili, dhidi ya asilimia 9.5 ya wengine. Hilo peke yake halithibitishi kuwa mafuta ndiyo kinga. Nchini Uholanzi, mwaka wa 2015, wagonjwa wanane walikaa kwenye baridi ya nyuzi 14 hadi 15 kwa saa kadhaa kila siku, kwa siku 10. Miili yao iliitikia insulini vizuri zaidi kwa asilimia 43 hivi, lakini kazi kubwa ilifanywa na misuli.

Usiku wa Julai mjini Mombasa, kusi likivuma, joto huwa karibu nyuzi 20. Wala hakuna dawa iliyoidhinishwa kutibu kisukari kwa kuyaamsha mafuta hayo; anayeiuza anauza ndoto. Misuli, kwa bahati nzuri, huamshwa na kutembea tu. La dharura zaidi ni kupimwa, kwani utafiti wa kitaifa wa 2015 ulibaini kuwa karibu asilimia 88 ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa sukari.

Kwa mtoto mchanga mambo ni mengine. Anatoka katika tumbo lenye nyuzi 37 akiwa amelowa, na maji yanapokauka mwilini humnyang'anya joto, hata katika chumba ambacho mkunga anajipepea. Kwa kuwa hawezi kutetemeka ipasavyo, hutegemea mafuta ya kahawia yaliyo shingoni, kati ya mabega na karibu na figo. Akiachwa apoe chini ya nyuzi 36.5, moto huo humaliza sukari yake. Sukari ikishuka hulegea, na akilegea hawezi kunyonya. Aliyezaliwa kabla ya wakati yuko hatarini zaidi, kwani sehemu kubwa ya akiba hiyo hujengeka katika majuma ya mwisho ya mimba.

Jaribio lililochapishwa 2005 kutoka Kampala lilionyesha kuwa kumwogesha mtoto saa moja baada ya kuzaliwa kuliongeza visa vya kupoa, ijapokuwa maji yalikuwa ya uvuguvugu. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja saa 24. Penye desturi ya kumwosha mara tu azaliwapo, ushauri huo unapasa kuwafikia nyanya na mama mkwe kabla ya siku ya uchungu.

Serikali ya kaunti, inayosimamia hospitali za Likoni na Port Reitz tangu ugatuzi wa 2013, nayo ina wajibu. Kipimajoto na kipimo cha sukari kando ya kila kitanda cha kujifungulia si gharama ya kutisha. Na mtoto wa Likoni anapohamishiwa Hospitali Kuu ya Pwani kisiwani, kivukoni upepo wa bahari humpata. Hali yake ikiruhusu, mahali pake ni kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa na leso imefungwa juu yake.