“Injini Haijafunguliwa” Si Sifa

Ukitafuta pikipiki ya mkononi, sifa ya kwanza utakayosikia kwa dalali ni hii: “Injini haijawahi kufunguliwa.” Anaisema kwa fahari, na mnunuzi anapandisha dau. Lakini ikijulikana kwamba fundi aliwahi kushusha bloku, bei inaporomoka hata kama chombo kinaunguruma vizuri. Imani hii ni potofu, na inatutia hasara.

Chukua Honda CG125, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1976. Injini yake imenakiliwa na viwanda vingi vya China, vikiwemo vinavyotuletea bodaboda. Tundu la silinda lina kipenyo cha milimita 56.5. Pistoni hupanda na kushuka humo maelfu ya mara kila dakika. Ringi zinalika, na bloku inaliwa zaidi upande mmoja hadi tundu linakaribia umbo la yai. Honda walilijua hilo mapema. Ndiyo maana kuna pistoni za ovasaizi, zilizo kubwa kuliko ya kiwandani kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00. Nani angetengeneza saizi nne za ziada kwa injini isiyotakiwa kuguswa?

Basi pikipiki ya miaka kumi na tano, iliyobeba abiria na magunia ya mkaa, ikiambiwa haijafunguliwa, ama dalali anadanganya, ama ringi zimekwisha na oili inaungua pamoja na petroli. Moshi wa namna hiyo hufichwa kwa oili nzito iliyomiminwa asubuhi ileile, na injini huwashwa kabla hujafika. (Ukiigusa ukaikuta ya moto, aga, urudi siku nyingine bila kupiga simu.)

Najua hofu hii imetoka wapi. Imetoka kwa mafundi wanaobandua kichwa cha injini kwa nyundo na bisibisi, wanatia ringi mpya kwenye bloku iliyolika bila kuipima, wanapaka silikoni palipotakiwa gasketi, kisha wanakaza nati za upande mmoja mpaka mwisho kabla ya kugusa za upande wa pili. Moshi ukirudi, watu wanasema injini iliharibika kwa kufunguliwa. Iliharibiwa na fundi. Kazi ya haki inajulikana: bloku hupimwa, ikachongwa kufuata pistoni itakayoingia, nati zikakazwa kwa kupishana, valvu zikaachiwa nafasi ya milimita 0.08, na mwenye chombo akaendesha taratibu mwanzoni na kuwahi kumwaga oili ya kwanza.

Kwa hiyo muulize muuzaji: nani aliifungua, lini, na pistoni ya saizi gani iliingia? Akijibu bila kubabaika na kukuonyesha risiti, mwongezee bei. Asiye na la kusema zaidi ya “haijafunguliwa”, mkate fedha za pistoni, ringi, gasketi na kuchonga bloku, maana hizo utazilipa wewe.