Picha na Mpiga Picha Wetu

Nimepiga picha za magazeti tangu enzi za kusafisha mikanda kwa dawa, na mara nyingi nimefungua gazeti asubuhi nikaikuta kazi yangu imeandikwa chini yake "Picha na Mpiga Picha Wetu". Mwenzangu katika machungu haya nimempata mbali kidogo: Arequipa, Peru, mwaka 1898. Aliitwa DeLisle Stewart. Bamba lake la picha ndilo lililonasa Phoebe, mwezi mdogo wa sayari ya Zohali. Vitabu vingi vinasema uligunduliwa na mwanaastronomia William Pickering, basi. Mimi nasema sifa hiyo ni ya watu wawili.

Miezi minane ya Zohali iliyojulikana kabla ya hapo ilionwa kwa macho ya watu waliochungulia kwenye darubini. Phoebe ulikuwa hafifu mno, zaidi ya mara elfu kumi kuliko nyota hafifu kabisa tuionayo kwa macho matupu. Ndio mwezi wa kwanza kugunduliwa kwa picha. Sasa mwezi uliogunduliwa kwa picha, aliyeipiga anaachwaje?

Na msidhani ilikuwa kubonyeza kitufe. Chuo cha Harvard kilikuwa na kituo huko Arequipa, chenye darubini ya Bruce, lenzi yake upana wa sentimita 61. Bamba la kioo liliachwa wazi kwa muda mrefu ili likusanye mwanga. Enzi zile mpigaji alikaa gizani, jicho kwenye darubini ndogo ya pembeni, akiishikilia nyota moja na kurekebisha mtambo kidogo kidogo. Akisinzia, nyota zote zinageuka vistari na usiku umepotea. Kisha bamba linasafishwa. Upande unaong'aa unashikika. Ule uliofifia ndio wenye picha, na alama ya kidole gumba pale inaweza kufuta nyota mia. Kwenye negativu mbingu ni kioo kitupu na nyota ni vinukta vyeusi, vingine vidogo hata ukadhani ni vumbi. Phoebe ulikuwa mmoja wa hivyo.

Mabamba yalipigwa Agosti. Machi 1899 Pickering, akiwa Marekani, aliyalinganisha ya siku mbalimbali: nyota zimetulia mahali pake, kinukta kimoja kimehama. Kwa jicho hilo namvulia kofia. Nimewahi kutafuta sura moja kwenye negativu za mkutano wa hadhara, najua inavyoumiza kichwa.

Kinukta chenyewe kimekuja kuwa na mambo mengi. Phoebe una upana wa kilometa zipatazo 213, yaani utoke Dar es Salaam kwa barabara, ufike Morogoro na kupita kidogo. Uko kilometa milioni 13 hivi kutoka Zohali, huizunguka kwa siku 550, tena kinyumenyume, tofauti na ile miezi mikubwa. Ndiyo maana wataalamu wanaamini haukuzaliwa pale. Ulikuwa ukipita zako ukanaswa. Ni mweusi kama makaa. Chombo cha Cassini kilipoupita tarehe 11 Juni 2004, kwa umbali wa kilometa 2,068, kilikuta barafu ikichungulia kwenye kingo za mashimo yake. Mwaka 2009 darubini ya Spitzer ikaona pete kubwa ajabu ya vumbi linalotoka kwake. Vumbi hilo huangukia mwezi mwingine, Iapetus, ambao upande wake mmoja mweusi uliwasumbua wanaastronomia tangu karne ya 17.

Picha za Cassini, kwa taarifa yenu, huandikwa chini NASA, JPL na Space Science Institute. Kamera isiyo na mtu nyuma yake inatajiwa taasisi tatu! Hata mashimo ya Phoebe yamepewa majina ya mabaharia wa hekaya za Kigiriki, kubwa kabisa likiitwa Jason.

Mhariri mmoja rafiki yangu alinicheka: "Mzee, huyo Stewart alitumwa tu. Anayegundua ni anayetambua." Kutumwa, alitumwa. Hata mimi nilikuwa natumwa. Lakini kama kutambua peke yake ndiko kugundua, tumalizie hadithi ya Pickering. Mwaka 1905 aliinamia tena mabamba akatangaza mwezi wa kumi wa Zohali, akauita Themis. Mwaka uliofuata Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ikampa tuzo ya Lalande kwa miezi yote miwili. Phoebe upo, umepigwa picha kwa karibu mpaka mashimo yake yanahesabika. Themis haujaonekana tena hadi leo.