Daftari la Wengi Lisikae kwa Mmoja

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la wazee na makarani tu, kumbe latuhusu sote. Jambo lenyewe ni soko linaloendeshwa na wenyewe: chama cha ushirika cha wakulima, duka la wanachama, au hata mtambo wa simu ambamo watu huuziana na kulipana bila kupitia kwa tajiri. Wengi wetu hapa bwenini tumevaa sare zilizonunuliwa kwa fedha ya korosho, kahawa au pamba iliyopimwa katika mizani ya chama. Hesabu ya chama ikiharibika, wa kwanza kupata hasara ni mzazi, na wa pili ni mtoto wake.

Siku hizi vyama vingi vinaacha vitabu vya karatasi na kutumia kompyuta. Tangu msimu wa 2024 korosho za Kusini zimekuwa zikinadiwa kwa mtambo wa Soko la Bidhaa Tanzania, na mnunuzi aweza kutaja bei yake akiwa mbali na ghala. Mimi nafurahia maendeleo hayo. Lakini nasikia watu wakisema ya kwamba, maadamu hesabu imo ndani ya kompyuta, wizi umekwisha. Hapo ndipo ninapokataa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta nayo ni daftari. Huandika lile iliyoandikiwa, na ikiwa mikononi mwa mtu mmoja hufuata nia ya mtu huyo. Kwa maoni yangu soko la wengi halina budi kuwa na mambo matatu: hesabu iliyo wazi, nakala zaidi ya moja, na madaraka yaliyogawanywa. Likikosa moja, yale mawili hayataliokoa.

Kwanza, uwazi. Tarehe 21 Desemba, 1844, wafumaji na mafundi wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka lao wenyewe. Hukumbukwa kuwa watu 28, waliochanga pauni moja moja. Siku ya kwanza waliuza vitu vichache tu, kama siagi, sukari, unga na mishumaa. Nguvu yao ilikuwa katika kanuni zao: kila mwanachama kura moja, na hesabu isomwe mbele ya wanachama mara kwa mara. Kanuni hizo zilienea duniani. Hapa kwetu sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1933 wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakaandikisha chama chao kikuu, KNCU, huko Moshi.

Sasa tuangalie kisa cha juzi. Nchini Kanada lilikuwako soko la sarafu za kompyuta lililoitwa QuadrigaCX. Mkuu wake, Gerald Cotten, alifariki Desemba 2018 akiwa safarini India. Ikatangazwa ya kwamba yeye peke yake ndiye aliyejua maneno ya siri ya kufungulia hazina. Watu zaidi ya 76,000 wakabaki wakidai. Mwaka 2020 wasimamizi wa masoko ya fedha wa jimbo la Ontario walieleza ya kwamba sehemu kubwa ya hasara ilitokana na udanganyifu wa Cotten mwenyewe alipokuwa hai.

Ndugu msomaji, zingatia hili. Wateja wale hawakuwa gizani kabisa. Kila mmoja alifungua kompyuta yake akaona tarakimu zake, akalala usingizi. Alichokosa ni njia ya kujua kama tarakimu za watu wote, zikijumlishwa, zalingana na mali iliyomo sandukuni. Kuonyeshwa tarakimu si sawa na kuonyeshwa mali. Mkulima anayepewa stakabadhi yake tu yu katika hali hiyo hiyo. Yafaa chama kibandike ukutani orodha ya stakabadhi zote, kilo zilizopokelewa, kilo zilizofika ghalani, bei ya mnada, na kila makato. Hapo mtoto wa darasa la saba aweza kukaa na kalamu, akamjumlishia baba yake na kumwambia kama hesabu ni sawa.

Pili, nakala. Tarehe 10 Machi, 2021, moto uliteketeza jengo la kompyuta la kampuni ya OVH katika mji wa Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja walikuwa wameweka nakala za kumbukumbu zao, ila nakala hizo zilikuwa mahali pale pale penye moto. Ni kama mtu anayeandika daftari mbili kisha akazifungia katika kabati moja. Tena nakala isiyojaribiwa haiaminiki. Mwaka 2017 kampuni ya GitLab, inayowatunzia mafundi wa programu kazi zao, ilifuta kumbukumbu kwa bahati mbaya. Ilikuwa na njia tano za kuhifadhi, na zote tano hazikuwa zikifanya kazi sawasawa. Iliokolewa na nakala ambayo fundi mmoja alikuwa ameitoa kwa mkono saa sita kabla, na yaliyoandikwa katika saa zile sita yakapotea. Kampuni yenye mafundi wengi ikipatwa na hayo, chama chenye karani mmoja na kompyuta moja hakina budi kujihadhari zaidi. Nakala moja ikae ofisini, ya pili wilayani, ya tatu kwa mwanachama aliyechaguliwa na mkutano, na kila baada ya miezi mitatu zifunguliwe na kulinganishwa.

Tatu, madaraka. Mwaka 1976 serikali yetu ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake zikapewa mamlaka za mazao. Vyama vile vilikuwa na makosa yao, wala sitaki kuyaficha. Lakini mkulima alijikuta na mlango mmoja tu wa kubisha, na malipo yakichelewa hakuwa na kwingine kwa kwenda. Mwaka 1982 sheria mpya ilirudisha vyama. Fundisho ninalolipata ni kwamba dawa ya chama kibovu ni wanachama wenye macho, kwa maana kukusanya kila kitu mahali pamoja hulifanya kosa dogo kuwa kosa la nchi nzima.

Jirani zetu wa Mombasa wametupa mfano mwingine. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia hati zao walizoziita Bangla-Pesa, wakidhaminiana wao kwa wao, ili mwenye mandazi na fundi viatu waweze kuuziana hata siku ambayo shilingi haipatikani. Waanzilishi walishtakiwa, kisha mashtaka yakaondolewa mwaka huo huo. Baadaye mpango huo ulienea sehemu nyingine za Kenya, ukaingia katika simu kwa jina la Sarafu, na hesabu zake zikaandikwa kwa njia iitwayo blokucheni, yaani daftari linalonakiliwa katika kompyuta nyingi kwa pamoja. Ukurasa ukifutwa huku, kule bado unasomeka.

Wako watakaonipinga. Wa kwanza atasema ya kwamba uwazi huanika fedha za watu hadharani. Hofu hiyo ni ya haki, ila ina dawa. Habari za biashara za Sarafu za miaka ya 2020 na 2021 zilitolewa kwa watafiti majina yakiwa yameondolewa. Chama nacho chaweza kubandika namba za stakabadhi pasipo majina, na kila mtu akaijua yake. Wa pili atasema mikono mingi huchelewesha kazi. Ni kweli, sahihi mbili huchukua muda kuliko moja. Lakini saa moja ya kumngojea mweka sahihi wa pili ni rahisi kuliko msimu mzima wa kungojea fedha zisizokuja. Wa tatu atasema, "Katibu wetu ni mtu mwaminifu, mbona mwamtilia shaka?" Nami namjibu ya kwamba mtu mwaminifu ndiye anayehitaji uwazi kuliko wote. Fedha ikipungua na daftari alikuwa nalo peke yake, atajitetea kwa nini?

Basi tuanze hapa hapa shuleni. Duka letu la ushirika la wanafunzi lina daftari moja, na linashikwa na mtunza hazina mmoja. Simlaumu, anafanya kazi kwa kujitolea. Lakini atamaliza mtihani wake Novemba na kwenda zake, na yule atakayempokea atapokea alichoachiwa tu. Napendekeza haya. Kila Jumamosi hesabu ya juma ibandikwe katika ubao wa matangazo: vilivyonunuliwa, vilivyouzwa, fedha iliyobaki. Daftari linakiliwe, nakala moja kwa mwalimu mlezi na nyingine katika bweni jingine. Sanduku liwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili wa vidato mbalimbali. Gharama yake ni kufuli moja na daftari mbili.

Na ninyi wazazi wetu, mkienda katika mkutano mkuu wa chama, msiridhike na kusomewa jumla na kupiga makofi. Ulizeni: Je, twaweza kujumlisha wenyewe? Nakala ziko wapi, na lini zilifunguliwa mara ya mwisho? Ni watu wangapi wawezao kutoa fedha, na akiondoka mmoja kazi itaendelea? Kama hakuna wa kujibu, chagueni watu wa kwenda kutafuta majibu kabla ya msimu kufunguliwa. Mkiona haya kuuliza kwa sababu ya tarakimu nyingi, tupeni karatasi hizo sisi watoto wenu wakati wa likizo. Hesabu tumefundishwa, na hii itakuwa kazi yake.