Mota ya Waipa na Nafaka Iliyolowa



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya kitu kidogo mno katika motokaa, nacho ni mota ya waipa, yaani ile inayoendesha vifuto vya maji ya mvua katika kioo cha mbele. Labda atatokea wa kutuuliza: Maalim, ukurasa huu ni wa dini na malezi ya nyumbani, waipa zimeingiaje? Twamwomba avumilie kidogo. Khabari hii ilitupata sisi wenyewe, na aibu yake ni yetu. Nasi tumeona ni afadhali kuisema, wengine wapate mazingatio, kuliko kuificha.

Masika yaliyopita, hapa Tanga, tulikuwa tukiwarudisha makwao watoto watano wa madrasa wanaokaa mbali. Ilikuwa baada ya Alasiri, na mvua ilishuka kwa kishindo hata mchana ukawa kama Magharibi. Waipa zetu zilikwenda mara mbili tatu kwa uvivu, kisha zikasimama katikati ya kioo. Lililotupasa ni kuegesha kando ya njia mpaka mvua ipungue. Hatukufanya hivyo. Tulitoa kichwa dirishani, tukawaambia watoto wasome Ayatul Kursiyyu, tukaendelea polepole. Mara tukasikia mtu akipiga ukelele, tukakanyaga breki kwa nguvu zetu zote. Motokaa iliposimama, jirani yetu mmoja, mama wa makamo, alikuwa mbele yetu kwa hatua mbili tu, mtoto wake amemfunika kwa kanga. Hakututukana. Alisema tu, "Maalim, hukutuona?" Nasi tukamjibu, "Mvua, mama. Ni mvua."

Jawabu hilo ndilo lililotunyima usingizi usiku ule. Mvua ilikuwapo kweli, lakini haikuwa ukweli wote. Waipa zile zilianza kuchechemea tangu vuli, na kiangazi chote tulisema tutazitazama kesho. Kila mwaka twawasomesha watoto khabari ya mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akaambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Siku ile dua tuliisoma, na dua ni njema. Walakini ngamia hatukumfunga.

Baada ya siku chache rafiki yetu mmoja alitupa shauri. Akasema, "Maalim, usijitie gharama. Ngoja mvua ziishe uiuze. Wakati wa jua nani atawasha waipa?" Tusifiche: shauri lile lilitupendeza kwa muda wa siku nzima. Kisha tukakumbuka hadithi aliyoipokea Imam Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona chungu ya nafaka inauzwa, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenyewe kuna nini, naye akasema kuwa imepigwa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika watu wake.

Tazameni, ndugu zetu: mwuza nafaka alisema ni mvua, na sisi kwa yule mama tulisema ni mvua. Na lau tungaliiuza motokaa ile wakati wa jua, mnunuzi angaliona ile nafaka kavu ya juu tu. Iliyolowa angaliikuta siku ya masika, barabarani, pamoja na watoto wake. Hapo tukakata shauri kuitengeneza.

Tulimwita kijana mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani aliyejifunza ufundi wa magari. Alifika Jumamosi asubuhi, akatuamkia, nasi tukamwambia, "Mwanangu, leo wewe ndiye mwalimu." Twaandika hapa aliyotufundisha, kwani yatawafaa vijana wetu.

Kwanza twajue kitu chenyewe. Mwaka 1903 mwanamke wa Kimarekani, Mary Anderson, wa Birmingham katika jimbo la Alabama, alipewa haki ya uvumbuzi wa kifuto cha kioo kilichovutwa kwa mkono na aliyeketi ndani ya gari. Siku hizi kazi ya mkono ule hufanywa na mota ndogo, aghlabu ya umeme wa volti 12. Mota huzunguka upesi. Meno yaliyomo ndani yake hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Kisha mkono mfupi wa chuma husukuma na kuvuta vyuma virefu vilivyofichwa chini ya kioo, na hivyo waipa huenda na kurudi. Tena ndani ya mota imo swichi ndogo ambayo, ukizima waipa, huzipa umeme mpaka zilale chini mahali pake.

Kijana yule hakushika spana mara moja. Alisema, "Maalim, tusihukumu kabla ya ushahidi." Akatazama fyuzi, akaikuta nzima. Kisha akafungua boneti, akachomoa plagi ya mota, akaipima kwa taa ndogo ya volti 12 huku sisi tumewasha swichi. Taa ikawaka, maana yake umeme wafika. Na waya unaorudisha umeme kwenye bodi la gari nao ulikuwa mzima. Kama umeme wafika na njia ya kurudi ni nzima, na mota haizunguki, basi mota ndiyo mbovu au imekwama. Ama mota ikisikika yalia na waipa hazitembei, huenda vyuma vimechomoka au nati imelegea. Na waipa zikisimama popote uzimapo, ile swichi ya ndani ya mota ndiyo ya kushukiwa. Watu wengi hununua mota mpya, na kosa lilikuwa fyuzi ya bei ndogo.

Alipokwisha kuyakinisha, alifungua waya hasi wa betri, kwani mota ikiamka ghafula vile vyuma vyaweza kukata kidole. Akatia alama za utepe juu ya kioo kuonyesha waipa zilalapo. Akafungua nati za mikono ya waipa, akaichomoa mikono kwa kuitikisa taratibu, wala hakuibenua kwa bisibisi juu ya kioo. Kisha akaondoa mfuniko wa plastiki ulio chini ya kioo, na hapo siri yetu ikafunuka.

Chini ya mfuniko ule mlikuwa mmejaa majani ya mwarobaini. Sisi huegesha motokaa chini ya mti huo kwa ajili ya kivuli. Majani yalikuwa yameziba matundu ya kutokea maji. Maji yakatuama, yakaifikia mota. Na vile vyuma navyo vimeshika kutu, upande wa kushoto havigeuki ila kwa nguvu za mikono miwili. Kijana akasema, "Mota hii imekufa kwa kubeba mzigo usiokuwa wake. Tukitia mpya na kutu tukaiacha, nayo itakufa." Basi mlaumiwa hakuwa mvua wala mota. Dakika tano za kuzoa majani kila mwezi zingalitosha.

Tulikwenda kwa mwuza spea zilizotumika. Alituwekea mota mbili mezani, akasema bila ya kuulizwa, "Hii moja yazunguka vizuri, lakini ukizima hailali mahali pake. Nyingine ni nzima, nayo bei yake imezidi." Kisha akaleta betri tuzijaribu mbele yake. Twamwombea dua mtu yule. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uwongo, baraka huondolewa. Tulinunua ile nzima, baada ya kuhakikisha kuwa matundu yake ya bolti, plagi yake na mhimili wake ni sawa na vya ile ya zamani.

Nyumbani tulisugua kutu, tukatia grisi katika viungo mpaka vyuma vikageuka kwa kidole kimoja. Kabla ya kufunga ule mkono mfupi, kijana aliunga mota mpya kwenye plagi, akarudisha waya wa betri, akaiendesha kisha akaizima kwa swichi, ili isimame mahali pake pa kulala. Akafungua tena waya wa betri, ndipo akafunga mkono kwa kuufuata mwelekeo wa zamani. Anayeacha jambo hili hukuta waipa zake zalala katikati ya kioo. Matundu ya maji tukayazibua, mfuniko ukarudi, mikono ya waipa ikafungwa penye alama za utepe, na mipira mipya ikatiwa, kwani ya zamani ilikuwa imekauka kwa jua. Mwisho tulimwagia kioo maji, kwani waipa hazijaribiwi juu ya kioo kikavu, tukawasha. Zikaenda, zikarudi, zikalala mahali pake. Alhamdulillahi.

Kazi ile ilichukua tangu asubuhi mpaka karibu ya Adhuhuri. Twawaambia vijana: mwenye subira na mwenye kufuata utaratibu ataiweza nyumbani kwake, lakini asiyejua umeme, au mwenye gari la mitambo ya kisasa asiyoielewa, na ampelekee fundi mwaminifu, wala si aibu. Na gari ambalo waipa zake ni mbovu lisitoke wakati wa mvua hata kidogo, seuze likiwa limebeba watoto wa watu.

Jioni ile tulikwenda kwa yule mama. Tukamwambia kuwa siku ile hatukusema kweli yote; kwamba ubovu tuliujua tangu vuli tukaunyamazia, na mvua tuliisingizia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimekusameheni, Maalim. Lakini mtoto wangu ni huyu mmoja." Hatukuwa na la kumjibu ila kuinamisha kichwa. Siku ya pili tuliwaita wazee wa wale watoto watano, tukawaambia nao, kwani watoto wale walikuwa amana mikononi mwetu, na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 58, ametuamuru juu ya amana. Mmoja wao alikasirika, na haki yake ni kukasirika.

Basi, enyi baba na mama, na ninyi vijana wetu, tazameni majumbani mwenu. Huenda pana waya ulio wazi ukutani, au ngazi iliyolegea, au jiko la gesi linalovuja, au kifuniko cha kisima kilichooza. Nanyi mwajua, na kila siku mwasema kesho. Ubovu usioujua una udhuru. Ubovu unaoujua ukaunyamazia ni deni, na hujui siku ya kulipwa wala atakayelilipa. Na ukitaka kuuza kitu chako, iweke nafaka iliyolowa juu. Pengine bei itapungua; walakini utalala.

Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita, atupe macho ya kuziona kasoro zetu kabla hazijawadhuru wengine, na awahifadhi watoto wetu njiani na majumbani. Amin.