Upimeni Moyo Ungali Mbioni

Baba, mama, shangazi, na ninyi nyote wa Zagayu mtakaosomewa barua hii,

Huku Reading, Uingereza, baridi imeanza na kazi ya kutunza wazee inaendelea, hayo tuyaache. Nimesikia kwenye simu kwamba mdogo wangu moyo unamwenda mbio tena. Unamshika akiwa anapalilia pamba, au amekaa tu anachambua mboga, unampiga kwa muda, halafu unaacha ghafla. Mlipomfikisha zahanati alikuwa ameshatulia. Wakampima presha, wakampima malaria, wakasema ni mzima. Sasa naambiwa kuna aliyekwishasema ni jini, na kwamba jini hilo limetumwa.

Zahanati hawakuwadanganya. Walimpima mtu aliyetulia, wakaandika walichokiona. Ugonjwa huu ukiondoka hauachi uvimbe wala homa, na mgonjwa anabaki kubishana na watu wanaomwona amesimama mbele yao hana tatizo.

Nayajua mabishano hayo. Daktari mmoja wa huku alinisikiliza vizuri tu, akahitimisha kwamba ni mawazo ya mtu aliye mbali na kwao. Mawazo ninayo, nani hana? Lakini moyo wa mawazo kwa kawaida hupanda kidogo kidogo na kushuka kidogo kidogo. Wangu ulikuwa unawaka na kuzimika kama swichi. Mwisho nilibandikwa kifuani kidude cha kurekodi mapigo usiku na mchana, nikaenda nacho kazini, kikaukamata moyo ukipiga mara 190 kwa dakika nikiwa nimekaa. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga kati ya 60 na 100.

Kumbe moyo una umeme wake, na umeme huo una njia yake. Wengine tunazaliwa na njia ya ziada. Siku umeme ukiingia humo unazunguka bila kutoka, na moyo unaufuata. Vidude vya kuukamata moyo huo tumeachiwa na Norman Holter, Mmarekani wa Montana. Mashine yake ya kwanza, miaka ya 1940, ilibebwa mgongoni na ilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Mkaivae hiyo shambani! Cha kwangu nililala nacho.

Bariadi huenda msikipate kidude hicho upesi. Kwa hiyo shahidi ni ninyi mlio karibu naye. Moyo ukianza, mtu ashike mkono wa mgonjwa chini ya kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 30, azidishe mara mbili, aandike na saa. Ukienda kasi mno usihesabike, andikeni hivyo hivyo. Andikeni ulianzaje, uliishaje, na kama alizirai. Kisha pakieni bodaboda mara moja, mwende mahali penye kipimo cha ECG, kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, msingoje apumzike kwanza. Hata akifika ametulia, ombeni kipimo: wapo ambao njia yao ya ziada inaonekana kwenye karatasi moyo ukiwa umetulia, jambo ambalo madaktari Wolff, Parkinson na White walilieleza mwaka 1930.

Hapa pana mtego. Kuna mbinu ya kuzizima mbio hizo: mgonjwa anapuliza kwa nguvu kwenye bomba la sindano kwa sekunde 15, halafu analazwa chali na miguu inainuliwa. Utafiti wa hapa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mbinu hiyo iliwatuliza wagonjwa 43 katika kila 100, na ile ya zamani isiyo na kulazwa 17 tu. Ni nzuri na haina gharama. Lakini akiifanyia nyumbani kabla ya kupimwa hata mara moja, mtakuwa mmeufuta ushahidi tunaoutafuta. Aonyeshwe na daktari, wampime kwanza. Akizirai, akibanwa kifua au kukosa pumzi, hospitali, bila mjadala.

Wala msiseme ana ugonjwa wangu kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Moyo huenda mbio kwa upungufu wa damu, kwa tezi ya shingo iliyozidisha kazi, kwa mimba, kwa homa. Kinachonitisha zaidi ni milango ya moyo iliyoharibiwa na maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa. Moyo wa namna hiyo ukipoteza mpangilio, damu inaweza kuganda ndani yake, ikaenda kichwani, msichana akapata kiharusi. Kwa hiyo wampime damu, na wakishauri ECHO, kipimo cha picha ya moyo, ifanyike.

Kabla ya 2012 mkoa wetu ulikuwa Shinyanga, na rufaa ilikuwa safari. Leo hospitali ya mkoa iko Bariadi. Wakishindwa, mnapita Lamadi na Magu hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Na juu ya hapo ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako hitilafu za umeme wa moyo zinatibiwa. Mimi walipitisha waya kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakaichoma ile njia ya ziada.

Sasa hilo la jini. Baba, nisamehe, nitasema wazi. Usukumani tumeshazika bibi zetu waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa jikoni. Ugonjwa usio na karatasi hutafutiwa mtu. Leo aliyemtuma jini hajatajwa. Kesho mganga atamtaja, na atakuwa mjane fulani anayeishi peke yake. Naomba jina hilo lisitafutwe. Anayetaka kumwombea mgonjwa amwombee, hata njiani kwenda Bariadi.

Nauli na fedha za vipimo nitatuma kwa simu ya mama. Kaka, simu yako naijua, ina matumizi mengi. Shangazi ndiye amsindikize, kwa kuwa haogopi kuuliza daktari swali mara mbili. Karatasi ya ECG ikitoka, ipigwe picha nitumiwe, na yenyewe isiachwe hospitali: itahitajika Bugando.