Jina la Chuo Halimponyi Mgonjwa



Ukimtajia Mnazi mtu wa Unguja, atadhani wakusudia Mnazi Mmoja, penye hospitali kubwa. Mnazi ninaoutaja leo ni mwingine. Ni Mnazi wa wilaya ya Lushoto, chini ya milima ya Usambara kwa upande wa kaskazini, katika bonde la Mto Umba, si mbali na mpaka wa Kenya. Ni nchi ya joto, ya mkonge na ya mbu. Mwanamke akishikwa na uchungu wa uzazi na mambo yakawa mazito, sharti apandishwe mlimani kwa njia ya makona mpaka Mlalo, na pengine mpaka Lushoto mjini. Wakaao huko waijua thamani ya daktari kuliko sisi wa mijini tuliozoea kumwona kila mtaa.

Hapo Mnazi niliketi baada ya sala ya Ijumaa, kwenye baraza ya mzee mmoja ninayemheshimu. Binti yake amemaliza kidato cha sita, amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, na amepata nafasi ya kusomea udaktari katika chuo kimoja ambacho umri wake bado ni mdogo. Nilidhani nitakuta furaha, nilikuta kikao. Ami yake, aliyekuja kutoka Tanga, alikuwa akisema: "Chuo hicho nani akijuaye? Heri akae nyumbani mwaka huu, mwakani aombe tena Muhimbili. Tukiulizwa mtoto anasoma wapi, tuwe na la kujibu." Binti alikuwa nyuma ya mlango, anasikia. Akasema neno moja tu: "Ami, mgonjwa hataniuliza hilo." Akaambiwa anyamaze, wakubwa wanazungumza.

Maneno haya nayaandika kwa ajili ya ami yule, na kila ami mfano wake aliyemo majumbani mwetu, kuanzia Lushoto mpaka Lamu.

"Tukiulizwa, tuwe na la kujibu." Lizingatie neno hili. Hakusema: tukiugua, tuwe na wa kututibu. Jee, chuo kinachaguliwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya mtoto atakayesoma miaka 5? Kwa ajili ya mgonjwa atakayelala mbele yake? Au kwa ajili ya baraza na harusi, mtu apate kulitaja jina la chuo kama anavyoionyesha kanzu yake ya darizi? Ikiwa ni hili la mwisho, basi tuseme wazi kuwa huo ni ufakhari, na tusiuite mapenzi ya mtoto.

Khalafu tujiulize, jina lenyewe latoka wapi? Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kuwa wananchi waliokuwa madaktari walikuwa 12 tu. Jina lililotajwa kwa heshima wakati huo lilikuwa Makerere, kule Uganda, ambako udaktari ulianza kufundishwa tangu 1924. Mwaka 1963 kikafunguliwa chuo cha udaktari Dar es Salaam, kidogo, kikitoa stashahada tu. Mwaka 1968 ndipo kilipofanywa kitivo cha chuo kikuu. Chuo hicho kichanga ndicho kilichokua hata kikawa Muhimbili hii, iliyopata kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Lau wazee wa 1963 wangalikuwa na fikira za ami yetu, wangaliwaambia watoto wao: "Chuo hicho nani akijuaye?" Na Muhimbili isingalikuwako leo ya kuringiwa.

Na vyuo vingine vimefuata njia ile ile. Moshi, hospitali ya KCMC ilifunguliwa 1971, na chuo chake cha udaktari kikaanza 1997. Bugando, Mwanza, kilianza 2003. Unguja, madaktari wa kwanza waliofundishwa nyumbani kwa ushirikiano na Cuba walihitimu mwaka 2013. Chuo kichanga si chuo kibovu. Mnazi mchanga nao huzaa, ukipandwa penye maji.

Sasa tuitazame sheria. Mwanafunzi wa Muhimbili na mwanafunzi wa chuo kisichotajwa barazani, wote wawili wakimaliza sharti wafanye utarajali wa mwaka mmoja katika hospitali iliyokubaliwa, chini ya macho ya madaktari waliowatangulia. Khalafu wote wawili, kwa Tanzania Bara, huandikwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Daftari la Baraza halina safu ya fahari. Aliyeandikwa ni daktari, na ambaye hakuandikwa si daktari, hata akiwa na cheti cha dhahabu.

Au tuyaache majina ya vyuo vikuu vyote, tutazame ni nani aliyewapasua mama zetu walipokwama katika kujifungua. Tangu miaka ya 1960 nchi hii ilifundisha madaktari wasaidizi, watu walioanza kama matabibu wa vituo vya afya kisha wakaongezewa mafunzo. Hawakupata shahada ya udaktari. Na kwa miaka mingi, katika hospitali nyingi za wilaya, hao ndio waliobeba sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi. Ni watoto wangapi wanaotembea leo, pengine na ami yetu ni mmoja wa baba zao, kwa mkono wa mtu ambaye hakupata kukaa katika chuo chenye jina?

Panda kutoka Mnazi uingie milimani, usikie habari nyingine. Kuanzia mwaka 1980 mpaka 2004 vijiji vya Lushoto vilisumbuliwa na tauni, maradhi ya viroboto na panya. Maelfu waliugua na mamia wakafa. Na tauni ukiiwahi, dawa za kawaida za zahanati huiponya. Ukiichelewa, huua kwa siku chache. Jee, kwa mgonjwa kama huyo wafaa nini ubingwa ulioko mbali? Amfaaye ni yule aliye karibu, aliyeona mtoki na homa akashuku, akatoa dawa jioni ile ile bila kungoja kesho.

Mabingwa wetu wa kale walilijua hili. Ar-Razi alisimamia hospitali za Rayy na Baghdad na akatunga vitabu vikubwa vya tiba. Lakini pia alitunga kitabu makhsusi kwa mtu ambaye hana tabibu wa kumwendea. Wanafunzi wake walijifunza mbele ya mgonjwa. Chuo chao kilikuwa ni kitanda cha hospitali, na umaarufu wake haukumzuia kumkumbuka fakiri.

Najua nitajibiwa. Watasema: "Basi vyuo vyote ni sawa?" La, havi sawa, wala sikusema hivyo. Chuo kikongwe kina walimu wengi mabingwa, kina utafiti, na kijana atakaye kuwa mwalimu wa madaktari au kwenda kusoma ubingwa ng'ambo, jina humfungulia baadhi ya milango. Mtoto akiipata Muhimbili na akaitaka, aende, na sote tumwombee. Ninalolipinga ni kumtupia mtoto mwaka wake, na nafasi aliyokwisha kuipata, kwa ajili ya jina. Mwakani wataomba wengine pia, na alama zao huenda zikawa bora kuliko zake. Na mtoto wa kike akikaa nyumbani mwaka mzima, sote twajua mazungumzo gani huanza kuletwa mlangoni.

Badala ya kuuliza "nani akijuaye," mzazi na aulize haya. Kwanza, jee, chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na shahada yake yakubaliwa na Baraza? Hili halina mzaha. Chuo kisichotambuliwa ni khatari, hata kiwe na jengo la marumaru. Pili, wanafunzi hufundishwa katika hospitali gani? Wagonjwa wapo wa kutosha? Mwalimu husimama nao kitandani, au huwaachia vitabu? Wangapi huzunguka kitanda kimoja? Tatu, ada yake twaiweza kwa miaka yote 5, au tutauza shamba mwaka wa kwanza na kukwama mwaka wa tatu? Mkopo wa Bodi ukija pungufu, pengo tutaliziba kwa nini? Nne, wanaoingia huko wengi wao humaliza?

Ulizeni waliosoma hapo. Nendeni mkaione hospitali yake kwa macho yenu. Safari ya siku mbili ni rahisi kuliko majuto ya miaka 5.

Na wapo walio wagonjwa zaidi wa maradhi haya, ambao kwao hata Muhimbili si jina. Sharti iwe ng'ambo, popote penye theluji. Sisemi kusoma ng'ambo ni haramu. Lakini aliyesoma nje hurudi akakutana na mtihani wa Baraza kabla ya kuanza utarajali. Na mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa huko, wa udaktari wakiwamo, walikimbia na masomo yao nusu. Mzazi aliyekataa chuo cha nyumbani kwa sababu ya jina alibaki na mtoto kati ya njia.

Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Mkulima wa kweli hulichukua jembe lililopo, akalinoa, akaingia shamba mvua ikingali inanyesha. Walisema pia kuwa mchagua nazi hupata koroma, na watu wa Mnazi hawana haja ya kuelezwa maana yake.

Ewe ami, siku moja gari litapanda makona yale usiku, ndani yake yumo binti au mkwe wa mtu. Atakapofika hospitali, ama atakuwapo daktari wa kumpokea, ama hatakuwapo. Huenda daktari huyo angalikuwa ni yule uliyemwambia anyamaze nyuma ya mlango. Nafasi yake bado ipo, na siku za kuithibitisha zahesabika. Mwite akae nanyi barazani, mumsikilize, kisha mpeni nauli.